Bakuli Lililorudi Tupu

Malisho ya juu, Naryn
Mwishoni mwa Juni

Dada yangu Asylkan,

Nakupa mikono yangu yote miwili. Kabla sijakuuliza hali yako huko Moscow, niache kwanza nitue mzigo wangu, maana nikianza na salamu nitaona haya na barua itaishia kwenye salamu. Dada, nimekuwa nikimwaga nyeupe, riziki ya maziwa isiyomwagwa. Kimizi cha Bibi, maziwa ya farasi anayoyachachusha mwenyewe kwenye kiriba, nilikuwa nakimwaga nyuma ya hema kwenye miiba, kisha nafukia kwa majivu. Sikufanya mara moja tu, na sijamwambia mtu yeyote. Unajua tulivyolelewa. Tone moja likidondoka, Bibi huligusa kwa kidole na kujipaka kwenye paji la uso, kuliomba radhi. Mimi nimemwaga bakuli kwa bakuli.

Sasa naweza kukusalimu. Hujambo, dada? Mikono yako imepona ile sabuni ya mkahawani? Bado mnalala wengi chumba kimoja? Baba hajambo, anakusalimu, na magoti yake ni yaleyale. Bibi ni mzima kuliko sisi sote. Farasi wamezaa vizuri, na yule jike wa kijivu uliyempenda amepata mtoto mwenye soksi nyeupe miguuni. Mama ndiye si mzima. Ndiyo sababu naandika badala ya kukupigia simu. Mtandao unashika kwenye kilima cha mawe tu, simu ni ya Baba, na ukipiga wewe Bibi huinyakua na kukupigia kelele kana kwamba Moscow iko ng'ambo ya mto. Haya ninayokuandikia hayawezi kusemwa hapo. Mke wa Kubat dereva anarudi huko kazini wiki ijayo. Atakuletea barua hii pamoja na kuruti za Bibi, yale madonge ya maziwa makavu. Barua usiisome mbele yake, maana anapenda habari.

Nikueleze tangu mwanzo, kwa kuwa kwenye simu uliyasikia nusunusu.

Homa ya Mama ilianza wakati wa kondoo kuzaa. Ilikuwa ikija jioni na kuondoka asubuhi, ikimwacha amelowa jasho. Kila mtu alisema ni brusela, ile homa ya mifugo. Bibi alisema kila anayekama ana brusela yake kama kila mbwa alivyo na viroboto vyake, na Mama mwenyewe alicheka. Muuguzi wa bondeni akampiga sindano. Homa ikapungua, ikarudi, ikapungua tena. Kisha Mama akaanza kusimama katikati ya njia ya kisimani, ndoo mbili mikononi, akitafuta pumzi. Baba ndipo alipouza kondoo kadhaa bila kumuuliza mtu, tukaenda mji mkuu.

Kule tulimpata daktari wa moyo, Galina Petrovna, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwanamume. Hajui Kikirgizi. Mama anakijua Kirusi cha sokoni tu, kwa hiyo ikabidi mimi niwe mkalimani. Fikiria, mimi. Mwalimu wetu alikuwa akisema ukimfunika Burulai kwa sufuria, darasa halitagundua. Siku ya kwanza nilinong'ona mpaka daktari akaweka kalamu mezani na kusema, "Binti, tunamtibu mama yako moyo, si masikio. Sema kwa sauti."

Alinieleza kwamba Mama alipokuwa mtoto aliwahi kuugua homa ya viungo, nayo ikamwachia jeraha kwenye vali ya moyo, ule mlango mdogo unaofunguka na kujifunga damu ikipita. Hakuna aliyejua. Miaka yote hiyo alikama, akapanda milima, akatuzaa, huku ule mlango ukichakaa. Sasa bakteria waliingia kwenye damu, labda kwa jino lile bovu, wakaupata mlango mbovu na kujenga hapo, kama ndege anavyojenga kwenye ukuta wenye ufa. Wasipouawa wote watautafuna mlango wenyewe. Nilimwambia Mama kwa Kikirgizi. Akauliza kama ng'ombe wameshakamwa.

Alitundikiwa dripu kwa wiki kadhaa. Homa ilikatika. Damu waliyoichukua na kuiotesha kwenye chupa haikuota kitu tena. Mama akaanza kula, na alipoanza kula akaanza kuomba kurudi nyumbani. Kila Galina Petrovna akipita, Mama alinivuta mkono wa sweta: mwambie farasi wanaanza kukamwa, mwambie Bibi yenu ni mzee, mwambie.

Daktari alifikiri kwa siku nzima. Kisha akaniita pembeni. Alisema zamani mgonjwa wa namna hii hakuachiliwa kutoka kwenye dripu mpaka siku ya mwisho. Lakini madaktari wa nchi za mbali wamejaribu, wakaona kwamba yule ambaye homa imeshuka, damu imesafika na moyo umetulia anaweza kumalizia kwa vidonge vya kumeza, viwili vya namna tofauti kwa pamoja, na akapona sawa na mwenzake wa dripu. Ila wagonjwa hao, alisema, walikuwa wakiishi karibu na hospitali na kuangaliwa kila mara. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa anaziangalia buti zetu za mlimani.

Akakubali, kwa masharti. Mara mbili kwa wiki Mama ashuke zahanati ya bondeni akapimwe. Vidonge asubuhi na jioni, tumbo likiwa tupu, na maziwa au kitu chochote cha maziwa kisikaribie vidonge kwa saa mbili kabla na saa mbili baada, kwa kuwa maziwa hukishika kidonge tumboni kikapita bila kufanya kazi. Aliniambia, "Hivi si vidonge vya maumivu. Hii ni dripu iliyofungwa ndani ya kidonge. Kukosa kimoja ni kuchomoa sindano. Kule juu mimi sina mdomo, wewe ndiye mdomo wangu." Niliitikia kwa kichwa. Nadhani hakuwa amepata mtu mwingine wa kumchagua.

Alituonya pia kuhusu kile kidonge chekundu, kwamba kitageuza rangi ya jasho na machozi na vingine ambavyo sitaviandika, viwe kama chungwa, na tusiogope. Hili likumbuke, dada, nitalirudia.

Tuliporudi, Bibi alikuwa ameshahamia huku juu na hema limesimama. Jioni ya kwanza moshi wa kinyesi kikavu cha mifugo tunachokokea moto ulijaa ndani, Mama akatokwa machozi, na alipojifuta kitambaa chake cheupe kikapata madoa ya rangi ya chungwa. Bibi aliacha kukoroga kiriba. Akakitazama kitambaa, akamtazama Mama, akasema, "Haya jamani, njooni muone, mkwe wangu analia chai." Baba alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa siku nzuri. Nilidhani tumeshavuka.

Nilimweleza Bibi habari ya maziwa nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sauti, kama daktari alivyonifundisha. Bibi alinisikiliza vizuri sana. Akasema ni kweli, maziwa ya ng'ombe si ya mgonjwa, hata yeye hampi, yanalala tumboni kama jiwe. Nikasema na kimizi pia, Bibi. Akanitazama kama mtu niliyemwambia maji yanawaka.

"Kimizi ni maziwa?"

Nikasema kinatokana na maziwa.

"Na wewe unatokana na baba yako, una ndevu?"

Baba akainamia kofia yake. Bibi akaanza kusimulia ugonjwa wake wa kifua alipokuwa msichana, jinsi madaktari walivyomwambia baba yake achimbe kaburi kabla ardhi haijaganda, na jinsi alivyoletwa malishoni amebebwa kwenye blanketi, akanyweshwa kimizi kiangazi kizima, akashuka amepanda farasi. Ni kweli, dada, wote tunajua ni kweli. Watu wanatoka mjini na kulipa ili wakinywe kimizi hiki hiki. Baba alijaribu kusema, "Lakini daktari, Mama..." Bibi akamuuliza huyo daktari amewahi kunywa kimizi cha nani. Baba akavaa kofia yake, akatoka. Baadaye aliniambia, tukiwa tunafunga kamba za farasi, kwamba yeye anawajua kondoo tu.

Na Mama? Umwambie Mama alikatae bakuli kutoka mkono wa mama mkwe? Hata jina la Bibi hajawahi kulitamka. Bakuli likija hulipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akanywa. Mara ya kwanza nilimtazama akinywa huku nimeshika kile kidonge, nikajua kwamba mdomo wa daktari umefungwa tayari.

Basi nikaanza kumwaga. Bibi alikuwa akijaza bakuli alfajiri na jioni, ananipa mimi nimpelekee Mama nyuma ya pazia. Nilikuwa napita mlango wa nje kwanza, nazunguka, namwaga. Nilisema samahani kila mara, sijui kwa nani. Kisha ninampa Mama vidonge na maji, namwambia leo Bibi hajaleta, na kwa Bibi narudisha bakuli tupu. Siku za mwanzo ilikwenda sawa. Kitambaa kilikuwa na madoa. Muuguzi wa bondeni alimpima akasema endeleeni hivyo hivyo.

Lakini sikufikiri bakuli tupu litamwambia nini Bibi. Alilishika, akaligeuza mwangani, akasema, "Umeona? Hata hajapumzika katikati. Mwili wake unakiita." Alifurahi, dada. Hujamwona akifurahi hivyo tangu siku alipozaliwa mtoto wa kaka. Alimtengea Mama kiriba kidogo cha peke yake, akakitia moshi wa matawi ya mreteni upya. Aliwasimulia majirani wa hema la ng'ambo. Na kwa kuwa mkwe wake alikuwa akikimaliza upesi hivyo, akaona haifai kunituma mimi, akaanza kumpelekea mwenyewe. Alfajiri, kabla sijaamka. Baada ya kila kukamwa kwa farasi, na unajua farasi wanakamwa mara ngapi kwa siku. Anakaa pembeni ya godoro, anamsimulia habari za zamani, anangoja mpaka bakuli liishe, anajaza tena. Mimi nilikuwa nje nimeshika kichwa cha mtoto wa farasi ili mama yake akamwe, nikiwasikia wanacheka.

Kwa kuwa nilikuwa nje kutwa, vidonge nilikuwa nimemwachia Mama mwenyewe, na jioni nilimuuliza kama amemeza. Akasema usijali, mwanangu, ninafanya kama daktari alivyosema. Niliamini. Mama hajawahi kunidanganya, na hata hapo hakunidanganya.

Kisha theluji ya vileleni ikayeyuka kwa pamoja, mto ukapanda, daraja la magogo likaenda. Mara mbili hatukuweza kushuka zahanati, na mara ya tatu pia. Nilijiambia ana vidonge, vidonge ndiyo dripu.

Juzi nilikuwa namenya vitunguu karibu naye na moshi ulikuwa mkali. Macho yake yakalia, akajifuta kwa kitambaa, akakiweka juu ya goti. Nilikitazama. Kilikuwa kimelowa na cheupe. Nilikichukua nikakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Cheupe kabisa, dada, kama vile amejifuta maji ya mvua.

Nikarudi nikamuuliza Mama vidonge viko wapi. Akanionyesha kwa kidevu, kwenye rundo la mablanketi. Katikati kulikuwa na kifundo cha kitambaa, na ndani yake vidonge, vyekundu na vyeupe, vile vile ulivyotusaidia kununua. Mama alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto jambo rahisi. Daktari alisema kidonge na maziwa visikutane, saa mbili kabla na saa mbili baada. Bibi yenu akija na bakuli, nakunywa, kisha nangoja saa zipite. Hazijapita, anakuja na lingine. Nangoja tena. Jioni inafika, analala hapa pembeni yangu na bakuli la usiku. Kwa hiyo nimevitunza, nimeze siku atakapopunguza. Alisema hivyo bila kulalamika. Aliwatii wote wawili, daktari na Bibi, na hakuona kosa lolote mpaka alipouona uso wangu.

Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilidhani ni kwa sababu ya kukaa karibu na moto. Homa imerudi, dada. Anasema ilirudi siku kadhaa zilizopita, na alikuwa anaificha kwa kujifunika. Miguu imevimba. Akijigeuza nasikia pumzi yake ikitafuta njia.

Jana Baba alimtuma mpanda farasi kwa Kubat. Kubat atakuja kesho asubuhi kwa njia ndefu ya juu, kwa kuwa mto haupitiki. Nimempa Mama vidonge tangu juzi, nikamwambia Bibi kwamba Mama anatapika na bakuli lisije. Mama anasema asante. Sijui kama vina maana sasa. Galina Petrovna alisema bakteria waliopigwa nusu hurudi wakiwa wagumu, na kama mlango wa moyo umetafunwa itabidi wamfungue kifua. Hilo sikulitafsiri siku ile. Nililimeza.

Sasa lile la mwisho. Asubuhi Mama alinishika sweta kama kule hospitali. Aliniambia nikiwa mbele ya daktari niseme alimeza vyote, na ugonjwa umerudi wenyewe. Nilimuuliza kwa nini. Akasema alipoolewa alikuwa na umri kama wangu, na mkono wa kwanza uliompa chakula katika nyumba hii ni ule wa Bibi. Alipokuwa na wewe tumboni, hakuna kilichokaa tumboni ila kimizi hicho. Mkono huo haujampa kitu kibaya. Bibi yenu akijua kwamba ni bakuli lake, alisema, hatamaliza vuli hii, na mimi sitaki kwenda au kurudi nikiwa nimebeba hilo. Niape. Nikaapa, dada. Ningefanya nini?

Lakini nikimwambia daktari kwamba Mama alimeza vyote, daktari ataamini kwamba dawa hizo zimeshindwa, ataziacha, atatafuta nyingine, na atapoteza siku ambazo Mama hana. Nimelizungusha jambo hili kichwani tangu asubuhi huku nikikama. Nitafanya hivi. Kwa Kirusi nitamwambia daktari ukweli wote, kiriba, saa mbili, kifundo, kitambaa, kwa sauti. Kwa Kikirgizi nitamwambia Mama kwamba daktari anasema ugonjwa umerudi wenyewe, si kosa la mtu. Naye Baba nitamwambia hivyo hivyo. Sijui kama hiyo ni kuvunja kiapo. Sijui kama nitaweza. Barua hii ikikufikia utakuwa umeshapigiwa simu na utajua zaidi ya ninavyojua mimi sasa. Naona ajabu kukuandikia nikiwa nyuma ya habari hivi.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini Bibi ameniita sasa hivi. Yeye haendi mjini, hawezi kuwaacha farasi. Alikuwa amejaza kiriba cha safari, kilichojaa mpaka shingoni, amekifunga kwa kamba yake nyekundu. Aliona machozi yangu, akadhani nalia kwa sababu ya safari. Akanifuta uso kwa kiganja. Akasema, "Usimwachie muuguzi yeyote. Umpe wewe. Kwangu bakuli lilirudi tupu tangu siku ya kwanza kwa sababu ulikuwa unampelekea wewe. Wewe una mkono wa kumnywesha." Nilikipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kama Mama.

Kiko hapa pembeni yangu ninapoandika. Kesho nitakimwaga njiani, mahali ambapo hakuna atakayekanyaga, na siku nikirudi nitamrudishia kitupu, naye atafurahi.

Msalimie kila aliye mwema kwako huko. Kula kuruti, ni za mwaka huu, na ukizila mwombee Mama. Baba anakusalimu, Mama anakusalimu, ameniambia nikuandikie kwamba anaendelea vizuri. Ukipiga simu na Bibi akaishika, mshukuru kwa kimizi. Mwambie kimemsaidia Mama sana. Na haya mengine, dada yangu, yabaki kwako. Usimwambie Mama kwamba unajua, wala Baba, wala kaka. Bibi zaidi ya wote. Nakuomba, tuyajue Galina Petrovna, mimi, na wewe tu.

Mdogo wako,
Burulai